Paa Kwanza, Kigae Baadaye

(Mazungumzo ya Elimu ya Watu Wazima kwa vikundi vya wasomaji wa Kilosa na Mikumi)



  Leo hatukuleta habari ya herufi. Herufi mnazijua. Tumeleta habari ya nyumba. Tutazungumza juu ya paa la mtu anayejijengea mwenyewe, na ambaye anataka kuliezeka kwa vigae.

Shikeni daftari na kalamu. Kutakuwa na hesabu kidogo. Ni hesabu za kujumlisha na kuzidisha tu, zile mlizozifanya darasani.

Neno letu la leo ni moja. Liandikeni juu ya ukurasa: Paa kwanza, kigae baadaye. Maana yake, usinunue kigae hata kimoja cha kuezekea mpaka umejua kwamba kuta zako, mbao zako na mteremko wa paa lako vinaweza kukibeba.

KWA NINI WATU WANATAKA VIGAE

Jambo hili si geni. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alipima miaka kumi ya Azimio la Arusha. Katika maelezo yake aliwasema watu waliokuwa wakingoja saruji na bati ndipo wajenge, wakati udongo wa matofali na vigae upo kijijini. Aliona kwamba paa la vigae ni bora kuliko la bati, ila mazoea yametufunga macho.

Je, kigae kina faida gani? Kwanza, nyumba haiwi na joto kali mchana. Ninyi wa Kilosa mjini, wa Kimamba na wa Rudewa mnalijua jua la mwezi wa Novemba. Pili, mvua ikinyesha watu ndani wanasikilizana. Tatu, kigae hakili kutu. Nne, kikivunjika kimoja, unatoa kimoja na kuweka kingine. Huhitaji kufumua paa zima.

Lakini tusilitukane bati. Bati ni jepesi. Halihitaji mbao nyingi. Nyumba yenye kuta dhaifu, au mtu mwenye mbao chache, bati ndilo linalomfaa. Anayechagua bati baada ya kupiga hesabu amefanya vizuri. Anayechagua kigae bila kupiga hesabu amejitafutia hasara.

UZITO: HESABU YA KWANZA

Vigae viko vya namna nyingi. Viko vya udongo wa kuchoma, na viko vya saruji na mchanga. Leo tutachukua mfano wa kigae cha saruji kinachotengenezwa kwa mashine ndogo ya kutikisa. Kigae hicho huwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 25. Uzito wake ni kama kilo 2 na nusu kasoro kidogo. Sisi tutaandika kilo 2.4.

Kigae kimoja hulalia kingine. Kwa hiyo sehemu inayofunika paa ni sentimita 40 kwa 20 tu. Ukipiga hesabu, mita moja ya mraba inataka vigae 12 na nusu. Zidisha 12.5 kwa 2.4. Unapata kilo 30.

Sasa chukua nyumba ya kawaida ya kijijini. Ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Ina paa la pande mbili. Upenu unatokeza nusu mita kila upande. Paa la nyumba hiyo, likiwa na mteremko tutakaoueleza baadaye, lina eneo la mita za mraba kama 74.

Hesabu ya vigae: 74 mara 12.5 ni vigae 925.
Hesabu ya uzito: 925 mara 2.4 ni kilo 2,220.

Ndugu zangu, kilo 2,220 ni magunia 22 ya mahindi, gunia la kilo 100. Hebu fikirini mtu amepanda juu ya nyumba yako na magunia 22, akayapanga, akashuka, akayaacha hapo mchana na usiku, masika na kiangazi. Paa lile lile kwa bati jepesi la geji 30 lingekuwa na kilo 220 hivi. Hayo ni magunia mawili na kidogo. Kwa hiyo kigae kina uzito kama mara kumi ya bati.

Hapo ndipo maneno yote ya leo yanapoanzia.

YALIYOMPATA MWENZETU MMOJA

Yuko mzee mmoja katika wilaya yetu. Jina lake tunaliacha, maana ni mtu mwenye heshima zake. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati. Yeye na mke wake waliuza ufuta wa misimu miwili. Wakanunua vigae. Mzee akashusha bati, akaliuza kwa jirani, akapigilia papi mpya juu ya kenchi zilezile za zamani. Kenchi hizo zilikuwa mita moja na nusu kutoka moja hadi nyingine. Mteremko ulikuwa mdogo, ule wa bati.

Nyumba ilipendeza. Watu walipita kuiangalia.

Mvua za vuli zilipoanza, papi zikaanza kubonyea kati ya kenchi na kenchi. Paa likawa na mabonde kama kitanda cha kamba kilicholegea. Vigae vikaachana. Maji yakapita katikati, yakaangukia magunia ya mahindi. Usiku mbao zikawa zinalia. Mama akawatoa watoto, akawalaza kwa shemeji yake.

Wakamwita fundi kutoka Mikumi. Fundi akapanda, akakaa juu kitambo, akashuka.

"Shikamoo tena mzee," akasema. "Vigae vyako ni vizima. Paa lako ndilo gonjwa."

"Sasa tufanyeje, fundi?"

"Tuvishushe mzee, leo hii. Tusingoje masika."

Mama akauliza, "Baba watoto, na ule ufuta wa misimu miwili?" Mzee hakuwa na la kujibu.

Walivishusha kwa siku mbili, wakavipanga chini ya mwembe, vimesimama wima. Familia ilikaa msimu ule chini ya turubai la kuazima na nyasi. Kiangazi kilipofika wakaongeza kenchi, wakauinua mteremko, wakavirudisha vigae vilevile. Mpaka leo paa liko na halivuji. Lakini mbao walizinunua kwa haraka na kwa bei kubwa, fundi walimlipa mara mbili, na mahindi yaliyolowa hayakurudi.

Basi, tuyafuate matayarisho hatua kwa hatua, ili yaliyompata mzee yule yasimpate mwingine.

HATUA YA KWANZA: KIWANJA NA KUTA

Paa huanzia chini. Hakuna paa zuri juu ya ukuta unaokwenda na maji. Watu wa Kilosa hawahitaji kuambiwa. Mto Mkondoa ulifurika mwezi Desemba 2009 na Januari 2010, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Kama nyumba yako iko kwenye njia ya maji, usiiwekee paa la gharama. Hama kwanza.

Kisha tazama ukuta. Ukuta wa fito na udongo usibebeshwe vigae. Hapo uzito lazima ubebwe na nguzo imara zilizosimama juu ya msingi wao. Ukuta wa matofali ya kuchoma, uliojengwa kwa kupishanisha viungo, unafaa. Upime kwa timazi. Ukuta uliolala nje utazidi kulala ukibebeshwa magunia 22. Tazama nyufa pia. Ufa unaoanzia juu ya dirisha na kupanda hadi juu ya ukuta ni dalili kwamba lenta ni dhaifu au haipo. Rekebisha hiyo kabla ya kununua mbao.

Juu ya ukuta laza mtambaapanya. Hii ni mbao inayolala juu ya ukuta kwa urefu wake wote, na kenchi hukaa juu yake. Mtambaapanya hugawa uzito, ili tofali moja lisionewe. Hakikisha umelala sawa kwa pima maji. Kama huna pima maji, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Ujaze maji, wenzako wawili washike ncha zake kwenye pembe mbili za nyumba. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili. Maji hayasemi uongo.

Mtambaapanya ufungwe. Wakati wa kujenga, laza waya mnene ndani ya ukuta, safu tano au sita za matofali kabla ya kufika juu. Acha ncha zake mbili zikitokeza. Baadaye zitapita juu ya mtambaapanya na kukazwa. Uzito wa kigae hautoshi kulizuia paa wakati wa upepo mkali unaotangulia mvua.

HATUA YA PILI: MTEREMKO

Bati ni kipande kirefu. Maji huteleza juu yake hata kama limelala kidogo. Kigae ni kifupi, na kati ya kigae na kigae kuna mwanya. Mteremko ukiwa mdogo, upepo unayarudisha maji nyuma na kuyapitisha mwanyani. Ndiyo maana paa la vigae lazima lisimame zaidi.

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: Kwa kila mita moja unayokwenda ndani, panda sentimita 60.

Nyumba yetu ina upana wa mita 6. Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 3. Zidisha 3 kwa 60. Unapata sentimita 180. Basi mgongo wa paa uwe juu ya mtambaapanya kwa mita 1 na sentimita 80.

Kabla ya kukata mbao yoyote, chora kenchi moja kwenye kiwanja kilichosawazishwa, kwa ukubwa wake kamili. Tumia kamba na mambo. Ukiongeza ule upenu wa nusu mita, utaona urefu wa upande mmoja wa paa ni kama mita 4 na sentimita 10. Paa lote lina urefu wa mita 9, maana mita 8 za nyumba zimeongezwa nusu mita huku na nusu mita huku. Zidisha 4.1 kwa 9. Unapata karibu mita za mraba 37. Pande mbili ni 74. Mnaona sasa ile hesabu yetu ya mwanzo ilitoka wapi.

HATUA YA TATU: MBAO

Mbao nyingi za paini zinazopita hapa Mikumi kwa malori zinatoka Sao Hill, upande wa Mafinga. Ni mbao nzuri zikiwa kavu. Zikiwa mbichi zitakuaibisha. Mbao mbichi ikikauka juu ya paa hujikunja, na papi ikijikunja, vigae vyote vya mstari ule vinainuka.

Nunua mapema. Zipange kivulini, juu ya magogo, na kati ya safu na safu weka vijiti ili hewa ipite. Ziache wiki kadhaa. Kisha uzitazame moja moja kwa kufumba jicho moja. Iliyopinda usiipeleke juu. Itafaa kwa kazi nyingine.

Juu ya mchwa, sisi wa huku hatuhitaji kuhubiriwa. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani ni bora. Lakini sikilizeni vizuri: vipande vyake vinavyobaki msivipikie. Moshi wake na majivu yake yana sumu. Vifukieni mbali na kisima. Unapopaka dawa mwenyewe, soma maelezo ya kopo, vaa mipira ya mikono, na usile chochote kabla ya kunawa. Kusoma ulijifunzia haya. Kila baada ya miezi michache, tazama ukuta kutoka chini hadi juu. Ukiona njia nyembamba ya udongo inapanda, mchwa wako safarini kuelekea kwenye paa lako.

Anayetaka boriti au mbao za msituni aombe kibali. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, si mahali pa kukata mti. Viko vijiji vya Kilosa vyenye msitu wake wa hifadhi wa kijiji, kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu. Huko nako mtu hukata kwa utaratibu uliokubaliwa, na kijiji hupata fungu lake. Nyumba nzuri isijengwe kwa mti wa wizi.

HATUA YA NNE: KENCHI

Kwa vigae, kenchi zikae karibu karibu. Sisi tunashauri sentimita 80 kutoka katikati ya kenchi moja hadi katikati ya nyingine. Gawa mita 8 kwa sentimita 80. Unapata nafasi 10. Nafasi 10 zinataka kenchi 11. Hapa wengi hukosea. Huhesabu nafasi, wakasahau kenchi ya mwisho.

Tumieni mbao za inchi 2 kwa 4. Kwa nyumba ya upana wa mita 6, kenchi isiwe ya mbao mbili zilizoegemeana tu. Iwe na mbao ya chini inayozuia miguu isitawanyike, nguzo ya katikati, na mihimili ya mshazari kila upande. Kiungo kisishikwe na msumari mmoja. Kama una ukuta wa katikati unaofika juu na ulio imara, mbao ya chini ipumzike hapo. Huo ni msaada mkubwa.

Kenchi zote zitengenezwe juu ya mchoro ule mmoja wa pale chini. Kenchi moja ikizidi nyingine kwa inchi moja, paa litakuwa na nundu.

Simamisha kwanza kenchi mbili za mwisho. Funga kamba kutoka kilele hadi kilele. Hizo nyingine ziifuate kamba. Kisha pigilia mbao za mshazari kati ya kenchi na kenchi, zisije zikalala kama kadi za karata.

HATUA YA TANO: PAPI

Papi ndiyo inayoshika kigae. Hapa pana kanuni moja kubwa: lete vigae kumi kwanza, ndipo upigilie papi. Hivyo vigae kumi ni vya kupimia tu. Viwanda havilingani. Mtu akipigilia papi kwa vipimo vya kusikia, halafu akaletewa vigae vya kiwanda kingine, atang'oa zote.

Kwa kigae cha mfano wetu, papi zinakaa kila baada ya sentimita 40. Kata kijiti cha urefu huo, ukitumie kila mahali. Usipime upya kwa futi kamba kila mara, kwa sababu makosa madogo madogo hujumlishana. Ukikosea nusu sentimita mara kumi, umekosea sentimita tano.

Papi ya chini kabisa, ile ya upenuni, iinuliwe kidogo kuliko nyingine, kwa unene wa kigae. Kwa nini? Kwa sababu vigae vya juu vinalalia vigae vya chini yake, lakini kigae cha mwisho hakina cha kulalia. Usipoinua papi hiyo, mstari wa chini utainama.

Sasa hesabu. Kila upande unahitaji mistari 11 ya papi. Pande mbili ni 22. Kila mstari ni mita 9. Zidisha 22 kwa 9. Unapata mita 198. Mbao ya futi 12 ni kama mita 3 na sentimita 65. Lakini kiungo cha papi lazima kikae juu ya kenchi, hivyo utakata. Nafasi nne za sentimita 80 ni mita 3 na sentimita 20. Gawa 198 kwa 3.2. Unapata 62. Ongeza chache za kuharibika. Nunua mbao 65 za inchi 2 kwa 2. Ungegawa kwa urefu wote wa mbao ungepata 55, na ungekwama juu ya paa siku ya kazi.

Je, utajuaje kwamba paa liko sawa? Fanya majaribio matatu.

La kwanza, pima upande mmoja wa paa pembe kwa pembe. Kutoka pembe ya chini kushoto hadi ya juu kulia, kisha kutoka chini kulia hadi juu kushoto. Vipimo viwe sawa. Visipolingana, paa limeenda upande, na mistari ya vigae itakwenda upande nayo.

La pili, vuta uzi juu ya papi kutoka ncha hadi ncha. Papi zote ziguse uzi. Palipo na bonde weka kibao chembamba. Palipo na nundu punguza kwa randa.

La tatu, panga vile vigae kumi katika pembe moja ya paa. Kandamiza kila kimoja kwa kidole. Kikicheza, kuna kosa chini yake. Usiseme, "Kitakaa tu." Hakitakaa.

SOMO LA KATANI

Hapa kwetu Kilosa tunaijua katani. Katika miaka ya 1970 na 1980, watafiti hapa Tanzania, pamoja na wenzao wa Uswidi, walijaribu kuchanganya nyuzi za katani na saruji ili kutengeneza mabamba ya kuezekea. Lilikuwa wazo jema, kwa kuwa katani ni yetu. Lakini saruji ilizila nyuzi pole pole. Tena bamba lilikuwa refu, na paa la mbao linapojinyoosha na kujikunja, bamba refu hupasuka. Baadaye watu wengi wakahamia kwenye vigae vidogo.

Somo lake ni hili: paa la mbao haliachi kutembea. Hutembea kidogo kwa jua na kwa mvua. Kigae kidogo huvumilia mwendo mdogo, lakini hakivumilii paa linaloanguka.

SIKU YA KUEZEKA

Majaribio yakipita, ndipo ununue vigae. Kagua kabla ya kulipa. Gonga kwa kifundo cha kidole. Kigae kizima hulia, kilichopasuka hutoa sauti ya kikapu. Mwaga maji kwenye bonde lake na usubiri. Unyevu kidogo upande wa chini si kitu, lakini kikidondosha maji kirudishe. Uliza kama vigae vya saruji vilikaa kwenye unyevu siku saba au zaidi baada ya kutolewa. Kigae kilichokaushwa juani siku ya pili ni dhaifu.

Siku ya kazi, vigae vipandishwe pande zote mbili kwa pamoja, kidogo huku, kidogo kule. Msimalize upande mmoja wakati wa pili uko mtupu, maana kenchi zitasukumwa upande. Watu wakanyage papi pale zilipo juu ya kenchi. Kila kigae chenye waya kifungwe kwenye papi yake, hasa vya pembeni na vya upenuni. Upepo huanzia hapo.

KALENDA YA MATAYARISHO

Ibandikeni ukutani.

Juni, masika yakiisha: kagua kuta, piga hesabu, nunua mbao, zipange zikauke.
Julai na Agosti: tengeneza mtambaapanya na kenchi, simamisha kenchi.
Septemba: lete vigae kumi, pigilia papi, fanya majaribio matatu. Kisha nunua vigae.
Mapema Oktoba: ezeka. Ukichelewa, vuli itakukuta.

Kama fedha haikutosha mwaka huu, usiharakishe. Jenga kenchi na papi za kigae, ufunike kwa nyasi au turubai, ungoje mavuno mengine. Jirani akicheka, mwache acheke. Fedha ya mkulima haiji mara mbili kwa mwaka.

Tena neno kwa akina baba: hesabu hizi fanyeni pamoja na mama wa nyumba. Shamba mmelima wote, na mvua ikivuja italowesha wote. Nyumba nyingi tulizozipita, mama ndiye aliyekuwa na daftari safi zaidi. Mpeni kalamu.

Ndugu wananchi, mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wetu waliambiwa kwamba kusoma ni kwa ajili ya kubadili maisha. Ukurasa mmoja wa hesabu, uliofanywa mwezi wa Juni kabla ya kutoa hata senti moja, unaweza kuokoa ufuta wa misimu miwili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini paa la vigae linataka mteremko mkubwa kuliko paa la bati?

2. Nyumba ina upana wa mita 5. Mgongo wa paa uwe juu ya mtambaapanya kwa kimo gani?

3. Nyumba ina urefu wa mita 12. Kenchi zikikaa kila sentimita 80, zitahitajika kenchi ngapi?

4. Kwa nini tunaleta vigae kumi kabla ya kupigilia papi?

5. Tembeleeni nyumba moja ya mwanakikundi. Itazameni kuta zake, kenchi zake na mteremko wake. Je, inafaa kwa vigae au inafaa kwa bati? Toeni sababu.

Majibu ya hesabu: Swali la 2, mita 1 na sentimita 50. Swali la 3, kenchi 16.